Msituombe Imani, Leteni Karatasi

Kuna neno moja ambalo kila kiwanda chenye harufu mbaya hulipenda kuliko kinavyowapenda wateja wake: imani. "Tunaomba jamii iwe na imani nasi." Utalisikia kwenye baraza la chifu, kwenye redio ya mtaa, na kwenye lile bango lenye picha ya mtoto anayecheka kando ya mti. Mimi limenichosha. Imani ni ya msikitini na kanisani, ama ya mtu na mpenzi wake. Kwa jirani anayechemsha kemikali mita hamsini kutoka kitanda changu sina haja nayo. Nataka karatasi, tarehe na kipimo.

Mazungumzo yetu kuhusu viwanda vya sumu yamesimama kichwa chini, miguu juu. Kila moshi ukizua kelele, anayewekwa kizimbani ni mkazi. Mbona hamuamini? Mbona mnapinga maendeleo? Nani anawachochea? Ni kana kwamba shaka ni ugonjwa, na dawa yake ni semina ya "uhamasisho" yenye soda, mkate na tisheti yenye nembo. Anayetaka kuaminiwa haulizwi amefanya nini ili astahili.

Basi tuulize. Tuanzie Owino Uhuru.

Owino Uhuru ni mtaa wa mabati upande wa Mikindani, Mombasa, wenye wakazi kama 3,000. Watu walikuwepo pale kabla ya tanuru. Mwaka 2007 kikaja kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari, kikakaa ukuta kwa ukuta na nyumba. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Betri inavunjwa, asidi inamwagwa, sahani za ndani zinatupwa kwenye tanuru, na kinachotoka ni madini ya kuuza nje. Pamoja na madini hutoka moshi, vumbi na maji machafu. Kiswahili nacho kina ukali wake: madini hayo tunayaita risasi, neno lile lile la kitu kinachotoka kwenye bunduki. Tofauti ni kwamba ile ya bunduki huwa na mlio.

Hii nyingine huingia kimya. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kwa mtoto inagusa ubongo unaokua: akili, umakini, tabia darasani. Kwa mjamzito inaweza kuharibu mimba. Mwili nao huichanganya na kalisi, ukaificha kwenye mifupa kwa miaka na miaka, kisha mwanamke akipata mimba na mifupa ikaanza kutoa kalisi kwa ajili ya mtoto, risasi nayo hutoka. Msichana aliyevuta vumbi hilo akiwa darasa la pili anaweza kumrithisha mtoto ambaye hajawahi kukanyaga Mikindani.

Sasa mpeleke mtoto huyo kwenye zahanati. Amechoka, tumbo linamuuma, amepungukiwa damu. Atapimwa malaria. Atapimwa taifodi. Atapewa syrup na kuambiwa arudi Jumatatu. Hakuna daktari mbaya hapo. Hakuna aliyemwambia daktari kwamba nyuma ya ukuta kuna tanuru la risasi, na kipimo cha risasi kwenye damu hakikai kwenye droo ya zahanati.

Phyllis Omido aliajiriwa na kiwanda hicho mwaka 2009, kushughulikia uhusiano na jamii. Yaani kazi yake ilikuwa hiyo hiyo ya kutuomba imani. Moja ya mambo ya kwanza aliyokabidhiwa ni kusimamia tathmini ya athari kwa mazingira. Piga hesabu polepole. Kiwanda kilianza 2007, tathmini inashughulikiwa 2009. Ni sawa na kupika chakula, kukipakua, kuwalisha watu, halafu ndiyo uangalie kama sufuria ilikuwa na sumu. Alipendekeza kiwanda kihamishwe. Hakusikizwa. Kisha mtoto wake mwenyewe akaugua, na kipimo kikaonyesha risasi kwenye damu. Aliacha kazi, akaanza kupiga kelele. Mwaka 2012 akakamatwa na kushtakiwa kwa uchochezi. Mahakama ilimwachilia baadaye, lakini tazama mpangilio: aliyetaja sumu alilala korokoroni kabla ya tanuru kuzimwa.

Kiwanda kilifungwa 2014. Kesi ikafika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Mombasa, na Julai 2020 Jaji Anne Omollo akaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Sehemu kubwa zaidi ya lawama haikuwekwa kwa mwenye tanuru. Iliwekwa kwa NEMA, mamlaka iliyopo kwa ajili ya kulinda mazingira. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaiondoa fidia hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Mtoto aliyezaliwa Owino Uhuru mwaka tanuru lilipowashwa alikuwa na miaka 17 siku ya hukumu hiyo ya mwisho, anakaribia kuchukua kitambulisho.

Mtu akija leo na kuniambia wakazi wa mahali fulani "wana mtazamo hasi" kuhusu kiwanda, namuuliza: ulitaka wawe na mtazamo gani? Miaka saba ya moshi, miaka kumi ya kutafuta haki, na walinzi wa mazingira wenyewe wanatajwa kwenye hukumu kuwa wenye lawama kubwa zaidi. Shaka ya watu hawa haikutokana na ujinga. Ni kumbukumbu.

Ngoja, najua kuna msomaji anasema hiyo ni ya zamani, mambo yamebadilika. Haya, twende Embakasi.

Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 gesi ililipuka eneo la Mradi. Watu walikufa, mamia wakajeruhiwa, nguo kwenye ghala la jirani zikageuka majivu, nyumba zikaungua watu wakiwa wamejilalia. Asubuhi yake EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na mafuta, ikatoa taarifa. Maombi ya kujenga kituo cha gesi mahali pale yaliwasilishwa Machi, Juni na Julai 2023, na yote yalikataliwa, mojawapo ya sababu ikiwa watu wanaishi karibu mno. Soma tena. Yalikataliwa mara tatu. Kumbe kuna mtaalamu aliyeketi ofisini, akatazama ramani, akaona nyumba, akasema hapana. Alifanya kazi yake vizuri kabisa. Halafu ile "hapana" ikawekwa kwenye faili, faili ikawekwa kwenye kabati, na familia iliyokuwa ikilala kando ya ukuta ikaendelea kulipa kodi ya nyumba kila tarehe tano. Upande wa pili, ikabainika kwamba NEMA ilikuwa imetoa leseni, na maafisa wake wakasimamishwa kazi.

Embakasi haikukosa sayansi. Sayansi ilikuwepo, na ilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni karatasi moja iliyobandikwa kwenye lango: ombi la kituo hiki limekataliwa kwa sababu ni hatari kwenu. Mama mboga angeisoma. Mtu wa boda angeipiga picha na kuituma WhatsApp. Saa mbili tu, mtaa mzima ungejua. Lakini tuna serikali inayoamini kwamba habari ya hatari ni mali ya ofisi, na hatari yenyewe ni mali ya wakazi.

Mtaa ninaoishi mimi, sitautaja, uko karibu na kiwanda ambacho pia sitakitaja. Kinatengeneza vitu vya kusafishia na vitu vingine ambavyo sijawahi kuambiwa ni vipi. Mwaka jana tuliitwa baraza. Viti vya plastiki, hema, spika inayopiga mluzi. Afisa wa uhusiano mwema, kijana wa rika langu mwenye viatu visivyojua tope, akatuambia kiwanda kina vyeti vyote na kinachotoka kwenye dohani usiku ni mvuke tu.

Mama mmoja anayefua nguo za watu akasimama. "Mwanangu, mvuke unatoboa shuka?"

Watu wakacheka. Akainua shuka. Kweli lilikuwa na vitobo vidogo vidogo, kama limepigwa na cheche.

"Mama, hilo linaweza kuwa ni sabuni unayotumia," kijana akajibu.

"Sabuni ni yenu."

Hapo kicheko kikawa kikubwa, na naibu wa chifu akamwomba mama akae tafadhali, muda umeenda. Mimi nikauliza kama tunaweza kuona ripoti ya hewa. Nikaambiwa ipo. Iko wapi? Ipo ofisini. Ofisi gani? Nitaelekezwa. Kisha tukapewa soda, na daftari la mahudhurio likapitishwa. Nililiangalia lile daftari vizuri. Juu ya ukurasa hakukuwa na kichwa chochote. Majina yetu, namba za vitambulisho, sahihi, na nafasi tupu juu ambapo mtu angeweza kuandika lolote baadaye: "waliohudhuria", ama "waliokubali". Sikutia sahihi. Watu wengi walitia, na siwalaumu, soda ilikuwa inafuata daftari.

Hivi ndivyo "ushirikishwaji wa umma" unavyotengenezwa. Ripoti ya tathmini ina mamia ya kurasa, Kiingereza kitupu, majedwali, vifupisho. Baraza ni la Kiswahili na ni la saa moja. Tangazo linawekwa gazetini, kana kwamba mtu wa mabati hununua gazeti kutafuta matangazo ya serikali. Kila hatua ya sheria imetimizwa na hakuna aliyeelewa kitu.

Tuje kwenye hoja ambayo hutupwa mezani kila mara: kazi. Ati mnataka kiwanda kifungwe, vijana wale nini? Ni hoja nzito na sitaidharau, kwa sababu nina binamu anayebeba mizigo huko huko ndani, na mshahara wake ndio unaolipa karo ya mdogo wake. Lakini angalia anavyowekwa. Anaambiwa achague kati ya mapafu na ugali, na mtu ambaye mwenyewe hajawahi kuchagua hivyo. Owino Uhuru pia watu wa mtaa waliajiriwa kwenye tanuru. Walirudi nyumbani na vumbi kwenye nguo, wakawabeba watoto wao. Mfanyakazi ndiye anayekula sumu sahani ya kwanza, na ndiye wa kwanza kutumwa kututuliza sisi tulio nje ya ukuta. Binamu yangu ameniomba mara mbili niache kuuliza maswali. Hajaniambia ni kwa nini. Namwelewa.

Sisemi vifungwe vyote. Kuna wanaharakati wa simu ambao wangependa kiwanda chochote chenye dohani kiondoke Kenya kesho, kisha wachaji simu zao kwa sola yenye betri. Betri hiyo itakufa. Ya gari itakufa, ya boda itakufa, na ikifa lazima iende mahali. Isipoenda kwenye kiwanda chenye vichujio na ukuta ulio mbali na watu, itaenda kwa muuza vyuma chakavu, atamwaga asidi mtaroni na kuyeyusha risasi kwenye sufuria nyuma ya nyumba, bila leseni hata ya kughushi. Tunahitaji kuyeyusha betri. Swali ni wapi, na nani anaona kipimo. Kuhusu "wapi", nitasema tu kwamba sijawahi kusikia tanuru la risasi likipimiwa kiwanja Nyali wala Runda.

Kuhusu kipimo, kuna mfano ambao watu wa viwanda hawapendi kuusikia. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, huko Bhopal, India, kiwanda cha dawa za kuua wadudu cha Union Carbide kilivujisha gesi ya methili isosayanati juu ya mji uliolala. Maelfu walikufa. Mtambo wa kupoza tangi la gesi hiyo ulikuwa umezimwa miezi kadhaa kabla. Mnara wa kuchoma gesi inayotoroka haukuwa ukifanya kazi. Watu walikimbilia hospitali macho yakiwaka, na madaktari hawakujua walikuwa wamevuta nini, kwa hiyo hawakujua watibu nini. Mwandishi mmoja wa hapo hapo, Rajkumar Keswani, alikuwa ameandika onyo tangu 1982. Jina lake kwa lugha ya baraza zetu lingekuwa "mchochezi".

Jambo la kutazama ni lililofuata. Marekani, nyumbani kwa kampuni hiyo, haikupitisha sheria ya kuwafundisha raia kuwa na imani. Mwaka 1986 ilipitisha sheria ya haki ya jamii kujua. Viwanda vikalazimishwa kutangaza kila mwaka vimemwaga kemikali gani, kiasi gani, hewani, majini au ardhini, kwenye daftari ambalo raia yeyote anaweza kulifungua. Shaka iligeuzwa kuwa sheria. Haikuondoa sumu yote, na wanaoishi karibu na viwanda huko bado wanapigana. Lakini wanapigana wakiwa na namba mkononi. Sisi tunapigana tukiwa na shuka lenye vitobo.

Tena basi si kwamba hatuna sheria. Katiba ya 2010, Kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali, na hata iliyo kwa mtu mwingine kama anaihitaji kulinda haki yake. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inasema ofisi ijibu ndani ya siku 21, na habari ikiwa inahusu uhai wa mtu, ndani ya saa 48. Hewa ninayovuta, nadhani, inahusu uhai wangu.

Ninachodai basi ni kidogo mno hadi naona haya kukidai. Langoni kwa kila kiwanda cha kemikali pawe na ubao, kwa Kiswahili, unaosema ndani kuna nini, kipimo cha mwisho cha hewa na maji kilikuwa ngapi, kiwango kinachoruhusiwa ni ngapi, nani alipima na lini. Zahanati ya karibu ipewe orodha ya kemikali hizo, ili muuguzi akimwona mtoto wa tatu mwenye dalili zile zile asiandike taifodi ya tatu. Leseni iliyokataliwa itangazwe mtaani kwa sauti ile ile ambayo leseni iliyokubaliwa hutangazwa kwa mkato wa utepe. Na wakati wa kupima, apime mtu ambaye halipwi na anayepimwa. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji imani ya mtu yeyote. Kiwanda kisafi kingefurahia ubao huo, kingeuwekea hata taa.

Ndiyo maana sishangai kwamba mwaka 2024 watu wa Uyombo, Kilifi, waliingia barabarani kukataa mtambo wa nyuklia. Wataalamu walifanya mikutano wakasema nyuklia ya siku hizi ni salama. Huenda ni kweli. Lakini mtu wa Kilifi hasomi vitabu vya fizikia kuamua. Anatazama kusini, mwendo wa saa moja na kitu kwa matatu, anaona Mikindani, na anajiuliza: hawa walioshindwa kutazama betri ya gari ndio watatazama urani? Waliojibu swali hilo waliwajibu kwa rungu. Hadi leo sijaona nani amelijibu kwa karatasi.

Mimi nimeandika barua. Nukuu za Kifungu cha 35, tarehe, mambo manne ninayotaka kujua: orodha ya kemikali, ripoti ya mwisho ya hewa, jina la maabara iliyopima, na nakala ya lile daftari la mahudhurio likiwa na kichwa kilichoandikwa juu yake baada ya sisi kuondoka. Niliipeleka kwa mkono, nikapigiwa muhuri nakala yangu. Karani aliisoma akiwa amesimama, akaniuliza kama mimi ni wakili. Nikamwambia naishi hapo nyuma.

Saa 48 zilipita. Siku 21 zilipita. Siku ya 34 simu ikalia, sauti ya heshima sana, ikaniambia barua yangu imepokelewa na kwamba kiwanda kimeandaa kikao kingine na wakazi Ijumaa saa nne. Nikauliza kama ripoti itakuwepo.

"Kutakuwa na chakula cha mchana," akasema.